Damu ya Jumatatu

Kwa wiki kumi na moja gesi ilikuwa inapotea katika maabara yangu, na kila mtu aliamini mkosaji ni mimi. Hawakusema hivyo moja kwa moja. Profesa ni mtu wa adabu; yeye alisema "uzembe kidogo wa mkono." Mimi nimepima damu kwa mwanga miaka kumi na sita, na mkono wangu ukiitwa mzembe, afadhali uniite mwizi nijue moja.

Kazi yenyewe nitaieleza upesi, maana bila hiyo hutaelewa nilivyokosea. Ndani ya damu kuna protini iitwayo hemoglobini, ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Katikati yake kuna chembe ya chuma, na chembe hiyo ni kama kiti. Oksijeni huja, hukaa, na ikifika inakotakiwa huinuka ikaenda zake. Lakini kuna gesi nyingine, kaboni monoksidi, ile ya moshi wa mkaa na wa injini, isiyo na harufu wala rangi. Hiyo ikishakalia kiti, kuinuka ni kwa mbinde. Sisi tulikuwa tunachunguza inakalia kwa nguvu gani na inachukua muda gani kung'oka.

Gesi ikikaa haionekani kwa macho. Tunapitisha mwanga kwenye kichupa cha kioo chenye ile protini, halafu tunaangalia ni rangi zipi zimemezwa njiani. Mashine inachora mstari. Ukitia unga mweupe wa kufukuza oksijeni, damu safi huchora nundu moja pana. Damu yenye kaboni monoksidi haijali unga wako. Yenyewe huchora nundu mbili. Ngamia wa nundu moja, ngamia wa nundu mbili. Nikimfundisha mwanafunzi hivyo, hasahau mpaka uzeeni.

Kipimo chochote kinahitaji sifuri. Huwezi kusema damu hii ina gesi kiasi gani kama huna damu isiyo na gesi ya kuilinganisha nayo. Sheria ya maabara yetu, aliyoiweka Profesa mwenyewe, ilikuwa kwamba damu ya sifuri itoke kwa mtu asiyevuta sigara na asiyekanyaga chumba cha mitungi ya gesi, tena iwe mbichi, kila Jumatatu saa nne asubuhi. Mimi sikufaa, nashinda na mitungi kutwa. Profesa naye hakufaa, vidole vyake vimekuwa vya njano kwa sigara. Basi nikamleta wifi yangu.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Alikuwa karani wa masjala, chumba cha mafaili chini kabisa ya jengo letu hilohilo, na kazi ile nilimtafutia mimi. Kila Jumatatu alipanda ngazi, akafika mlangoni anahema, akanyoosha kidole kama mtoto anayeonyesha kidonda.

"Kunyonya damu ya mke wa ndugu yako, hiyo ndiyo kazi uliyosomea?"

"Matone matano tu, wifi. Mbu anachukua zaidi."

"Mbu hana ratiba."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kila wiki, na sikumbuki tuliwahi kuchoka nayo. Halafu akapata mimba, na utani ukaongezeka. Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na nyumbani kwetu hatukuwa tunazitaja. Kaka yangu, fundi seremala ambaye hapotezi maneno, alianza kurudi nyumbani mapema na kumkataza mkewe kubeba hata ndoo ya maji. Mimi tayari alikuwa ananiita shangazi mtu.

Miezi ile umeme ulikuwa unakatika ovyo. Mashine yangu haipendi mchezo huo; taa yake ikizimika ghafla, kazi ya asubuhi nzima inakwenda na maji. Niliandika barua tatu kwa uongozi. Ya tatu niliiandika kwa hasira mpaka Profesa akaniomba nipunguze maneno mawili. Wakaleta jenereta. Fundi wa umeme wa jengo, tunayemwita Fyuzi, aliifunga chini, kwenye stoo iliyopakana na masjala, na bomba la moshi akalipitisha ukutani kwenda nje. Siku ilipowaka mara ya kwanza na taa ya mashine yangu isiyumbe, nilipiga vigelegele peke yangu maabara nzima.

Wiki iliyofuata gesi ikaanza kupotea.

Kila Ijumaa nilikuwa napima vichupa ambavyo nimevijaza kaboni monoksidi mwenyewe, kila kiti kimekaliwa. Vinatakiwa kusoma mia. Vikasoma tisini na saba. Nikasema ni mimi, nimechoka. Ijumaa ya pili tisini na tano. Ya tatu tisini na mbili. Kila wiki namba inashuka, haipandi hata siku moja, na Profesa kila wiki anavua miwani, anaifuta, anaivaa.

"Inakwenda wapi?" akaniuliza.

Ningejua ningemwambia. Gesi ile isiyo na harufu, kama haimo kwenye vichupa, basi imo chumbani, na chumbani nipo mimi. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo cha mitungi nikitafuta kipovu kimoja tu. Hakuna. Tukanunua kengele ya kunasa gesi, tukaitundika ukutani. Haikulia. Nilibadilisha mipira, nikabadilisha vizibo, nikavunja vichupa viwili kwa ghadhabu. Nilianza kuogopa chumba changu mwenyewe. Nilikuwa nafungua mlango asubuhi na kusimama nje kwanza, nanusa kitu ambacho nafahamu vizuri kwamba hakinusiki.

Wakati huohuo wifi alikuwa anaumwa kichwa. Hakuna aliyeshangaa. Mwanamke mjamzito kuumwa kichwa si habari ya kuita majirani. Alitapika, tukasema mimba. Alipanga mafaili ya mwaka huu kwenye rafu za mwaka juzi, bosi wake akamfokea, tukasema mimba. Mama yetu alisema yeye alipombeba kaka alilala miezi mitatu kama gogo, na mbona huyo kaka ametoka mzima. Jumapili wifi alikuwa anachangamka, Jumatatu anarudi kazini, kichwa kinaanza upya.

"Kazi inanichukia," akaniambia Jumatatu moja huku nikimtoboa kidole.

"Uvivu huo. Umeanza likizo kabla ya likizo."

Tone likaanguka kwenye kioo. Lilikuwa jekundu la kung'aa, jekundu kuliko damu nyingi nilizowahi kuziona, na mimi, mtaalamu wa miaka kumi na sita, nikamsifu. Nilimwambia, "Una damu nzuri, wifi." Akafurahi. Alikwenda kumwambia mumewe jioni ile kwamba hata mtaalamu ameisifu damu yake.

Ijumaa ya kumi na moja vichupa vikasoma sabini na nne. Jumatatu asubuhi Profesa alinikuta nimekaa kwenye stuli yangu, akasema bila kunitazama usoni kwamba ameandika kuomba mtaalamu kutoka taasisi nyingine aje kunikagua.

"Anikague mimi au mashine?"

"Vyote viwili," akasema. "Usichukulie vibaya."

Nilichukulia vibaya sana. Alipotoka niliapa kwamba huyo mkaguzi akija atakuta nimekwisha kukagua kila kitu kabla yake, hata visivyokaguliwa. Wifi alikuwa ametoa damu dakika chache zilizopita. Siku hiyo hakutania. Alinyoosha kidole, akasahau kukirudisha, mpaka nikamshusha mkono mimi mwenyewe. Nikamwambia akapumzike, akasema atapumzika hukohuko chini.

Kawaida yetu, damu ya sifuri ikishatiwa unga na kuwekwa kwenye mashine, unabonyeza kitufe kimoja na mashine inaulaza mstari wake uwe sawasawa kama meza. Kuanzia hapo chochote kilichomo kwenye damu ile kinahesabiwa kuwa hakuna. Mchoro wake halisi unahifadhiwa ndani, lakini hakuna anayeufungua. Kwa miaka kumi na sita sikuwahi kuufungua. Nani anapima sifuri?

Siku hiyo kwa hasira sikubonyeza kitufe. Nikafungua mchoro.

Nundu zilikuwa mbili.

Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikachukua matone yaliyobaki, kichupa kipya, unga mpya, nikapima tena. Mbili. Nikafungua mchoro wa Jumatatu iliyopita, na wa kabla yake, nikaenda nyuma hadi wa kwanza, nikaipanga yote juu ya kioo cha kompyuta, mmoja juu ya mwingine. Ule wa kwanza kabisa, wa kabla ya jenereta, ulikuwa na nundu moja safi. Unaofuata ulikuwa na kibonde kidogo juu ya ile nundu, kidogo sana, ungedhani ni vumbi. Kibonde kikazidi kuingia wiki hadi wiki. Nundu ilikuwa inapasuka polepole mbele ya macho yangu, na mimi kila Jumatatu nilikuwa nimebonyeza kitufe nikailaza.

Gesi haikuwa imepotea. Vichupa vyangu vilikuwa vimejaa siku zote. Ni sifuri iliyokuwa inapanda, na nilichokuwa natoa kwenye mia ni gesi iliyomo kwenye damu ya wifi yangu.

Halafu nikakumbuka kwamba hii ni damu ya Jumatatu saa nne, saa mbili na nusu tu baada ya masjala kufunguliwa, kwa mtu aliyepumzika siku mbili nyumbani kwake. Ijumaa jioni alikuwa anakwenda nyumbani na kiasi gani, sikutaka kufikiri. Niliteremka zile ngazi mbiombio. Kiatu kimoja kilinivuka, sikurudi kukichukua.

Mlango wa masjala ulikuwa umefungwa. Alizoea kuufunga kwa sababu ya kelele za jenereta. Ndani taa zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, umeme wa jenereta yangu, na ukuta ulikuwa unatetemeka kidogo. Wifi alikuwa amelaza kichwa juu ya rundo la mafaili, macho wazi. Shavu lilikuwa na rangi nzuri, wekundu ambao gesi ile huipa damu. Ungempita ukasema mama huyu amejipumzisha.

"Wifi, inuka. Inuka tutoke."

Alinitazama akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mgeni kwa heshima. "Mbona leo ni Jumatatu mara mbili?"

Nikamshika kwapani. Alikuwa mzito, miguu haimsikii. Nikapiga kelele kumwita Fyuzi mpaka koo likauma. Fyuzi akaja anakimbia na bisibisi mkononi, akasimama mlangoni kushangaa, nikamtukana tusi ambalo silirudii hapa. Akaelewa. Tukambeba hadi uani kwenye hewa, halafu nikamtuma akazime jenereta. Aliporudi alikuwa amebadilika uso. Kiungo cha bomba la moshi kilikuwa kimeachia, akasema, pale linapoingia ukutani, na pengo lake linatazama kidirisha cha masjala. Lazima kilianza kulegea zamani. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ile mashine ingemsikia.

Hospitali iko ng'ambo ya barabara. Tulimvusha kwenye toroli la kubebea vitabu.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole aliyechoka. Alimpima wifi shinikizo la damu, akambana kidole kwa kile kibanio chenye taa nyekundu, akasubiri. "Tisini na nane," akasema. "Oksijeni yake ni nzuri kuliko yangu. Ni uchovu wa mimba, dada. Alale kidogo, anywe maji."

"Hiyo tisini na nane si oksijeni. Ni kaboni monoksidi. Mtie barakoa ya oksijeni sasa hivi."

"Dada, kifaa hiki hakidanganyi."

"Kinadanganya. Kina macho mawili tu, kinatazama rangi mbili, na kwa hizo mbili gesi hizi ni mapacha. Mashine yangu inatazama rangi mia kadhaa. Mimi ni mpimaji wa damu hapo ng'ambo."

Alinitazama miguuni, kiatu kimoja. Sikumlaumu. Kisha akanieleza kwa upole uleule kwamba mitungi ya oksijeni wodini ni miwili, mmoja uko kwa mzee mwenye nimonia, na wa pili hawezi kuufungua kwa sababu ya maneno ya mtu asiye daktari wakati kipimo kinasema tisini na nane. Kipimo cha gesi za damu hospitali ile kilikuwa kimeharibika tangu mwaka jana. "Niletee namba," akasema. "Nikiona namba nitafungua."

Nikamchoma wifi kidole. Ndipo nikagutuka kwamba sina sifuri. Chupa zote za damu safi zilizokuwa kwenye friji yangu zilikuwa zake. Mwenye kipimo hakuwa na kipimo.

Muuguzi aliyekuwa anatandika kitanda jirani alikuwa anatusikiliza muda wote. "Unataka damu ya mtu?" akauliza.

"Unavuta sigara?"

"Mume wangu angenirudisha kwetu."

"Unapikia mkaa?"

"Umeme, ukiwepo. Usipokuwepo tunalala na njaa. Chukua haraka, sindano siipendi mimi."

Nikachukua. Nikavuka barabara na vichupa viwili ndani ya kiganja, nimevikumbatia kifuani. Maabara ilikuwa giza, umeme umekatika, na jenereta nimeizima mwenyewe.

"Iwashe," nikamwambia Fyuzi.

"Umesema niizime!"

"Masjala hakuna mtu. Toa watu wote kwenye jengo, acha milango yote wazi, na wewe ukishaiwasha kaa nje kwenye upepo. Iwashe!"

Ikanguruma. Taa ya mashine inahitaji nusu saa kupata moto wake, niliipa dakika kumi. Kwa haraka zangu unga ulimwagika mezani. Profesa alikuja akasimama nyuma yangu. Alishaiona ile michoro yote niliyoiacha wazi kwenye kompyuta. Niliweka kwanza damu ya muuguzi. Nundu moja, pana, nzuri. Sikuwa nimeiona kwa wiki kumi na moja, na nilipoiona machozi yalinitoka. Halafu nikaweka ya wifi. Profesa alisoma namba kwa sauti, maana mimi sikuweza.

"Thelathini na moja."

Akaketi kwenye stuli yangu. "Kati ya kila viti mia," akasema, "thelathini na moja." Mikono yake haikuwa na kazi. Kisha akachukua simu akampigia daktari, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Profesa akimpigia mtu kelele.

Saa sita mchana wifi alivaa barakoa. Saa sita na nusu akaanza kuuliza maswali yenye akili. Kaka yangu alifika na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama upande wa miguu ya kitanda akiwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

Daktari sasa alikuwa na heshima mpya kwangu, na afadhali asingekuwa nayo. Alifungua faili, akauliza mbele yetu sote, "Amekuwa akivuta hewa hii tangu lini? Nataka kujua mimba ilikuwa na umri gani ilipoanza. Kuna mtu anayeweza kukisia?"

Hakukuwa na haja ya kukisia. Mtu mmoja duniani alikuwa na jibu lake kwa tarehe, saa na asilimia. Ningeweza kusema sijui. Nani angekwenda kufungua michoro? Wazo hilo lilinijia, sitadanganya, na lilikaa kwa muda wa pumzi moja.

"Wiki kumi na moja," nikasema. "Alikuwa na miezi mitatu na siku kadhaa. Ilianza kwa tatu kati ya mia. Naweza kukupa namba ya kila wiki."

Kaka alinigeukia. "Unajuaje?"

"Nilikuwa na damu yake."

"Kila Jumatatu."

"Kila Jumatatu."

"Na ulikuwa unaipima."

"Sikuwa naipima, kaka. Nilikuwa naitumia kupimia nyingine."

Kaka yangu hajawahi kunipandishia sauti tangu tukiwa wadogo, na siku hiyo pia hakuipandisha. "Toka," akasema. "Toka hapa, nisikuone."

Nikageuka nitoke, haki yangu ilikuwa hiyo. Wifi ndiye aliyeinua barakoa. "Akae," akasema.

"Mke wangu, huyu ndiye..."

"Nimesikia aliyoyafanya, si kiziwi mimi. Akae. Nani mwingine hapa anajua kuisoma damu yangu? Wewe? Unajua kusoma mbao." Akahema kidogo, akanitazama bila utani wowote. "Kila saa utachukua damu, utakwenda kuipima, utaniletea namba. Mimi, si daktari. Hata ikiwa mbaya. Ukinificha moja tu, basi huna wifi."

Nikaenda, nikarudi. Saa saba, kumi na tisa. Saa nane, kumi na moja. Saa tisa, saba. Kila nilipovuka ile barabara kaka alikuwa amekaa vilevile, na kila nilipotaja namba alitazama sakafu. Mkunga alikuja mara mbili na kifaa chake cha kupaza mapigo ya moyo, akakitelezesha tumboni, tukausikia moyo wa mtoto, mdogo, unakwenda mbio. Mkunga alisema upo. Hakusema zaidi ya hapo. Saa kumi, nne. Saa kumi na moja jioni, mbili.

"Mbili," nikamwambia wifi. "Hata mtu wa mjini anayetembea kando ya magari anazo mbili. Damu yako imetakata."

Daktari alifurahi kuliko sisi. Alikuwa amekwisha kumwambia muuguzi auhamishe mtungi, kuna mgonjwa mwingine aliyeletwa anaungoja. Wifi akaivua barakoa. Ilikuwa imemwachia alama puani. Akajikalisha vizuri, akavuta hewa ya kawaida, akaniuliza:

"Na ya mtoto?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu saa sita, na tangu saa sita nilikuwa naomba mtu mwingine aulizwe. Damu ya mtoto aliye tumboni si kama yetu. Viti vyake vinashika kwa nguvu zaidi. Gesi inachelewa kumfikia, lakini ikimfikia inarundikana kuliko kwa mama, na mama akishatakata, mtoto bado anayo. Mwanga wangu hauwezi kufika kule. Hakuna kichupa wala mchoro.

"Sijui," nikasema. "Sina namna ya kuipima. Lakini bado anayo. Huenda anayo nyingi kuliko uliyokuwa nayo wewe asubuhi."

Muuguzi aliacha kusukuma mtungi. Daktari akatoka nje na simu sikioni. Aliporudi hakunitazama, alimwambia muuguzi mtungi ubaki palepale, na watume gari likatafute mwingine hospitali yoyote itakayokuwa nao.

Wifi alikuwa amekwisha kuivaa barakoa mwenyewe, akaukaza mpira wake nyuma ya kichwa.

"Mpaka lini?" Ni kaka aliyeuliza, na alikuwa ananiuliza mimi. Hakuwa amenisemesha tangu aliponifukuza.

"Mara tano ya muda aliotumia mama yake. Kesho jioni, kama mtungi utatosha."

"Na ukitosha, atakuwa mzima?"

Niliahidi kutoficha. "Sijui, kaka," nikasema. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kutazama sakafu.

Wifi akanishika mkono, akauweka tumboni pake, juu kidogo ya kitovu, akaukandamiza pale kwa viganja vyake viwili. Nilisubiri. Palikuwa na joto, na pumzi yake ilikuwa inaupandisha mkono wangu na kuushusha, lakini chini ya pumzi hakukuwa na kitu kingine. Alisogeza barakoa kando ya mdomo.

"Hajacheza tangu asubuhi," akasema. "Na hiyo iandike."

Nikachukua kalamu. Nikaandika saa kumi na moja na dakika ishirini, na mbele yake nikaandika: hajacheza.